Kamera Iliyokufa Saa Tatu Usiku

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne, sendoff katika ukumbi mmoja wa Sinza, MC ndiyo kwanza anawaita wazazi wa binti mbele. Nilikuwa napita kati ya viti nikitafuta pa kusimama, mkono wa mtu ukanishika gauni. Alikuwa bibi yake bibi harusi, mama wa miaka themanini na kitu, aliyeletwa kutoka Korogwe siku mbili kabla. "Mjukuu wangu," akaniambia, "nipige na huyu mtoto kabla sijachoka."

Binti alikuja, akapiga magoti na kitenge chake chote, akalaza kichwa kwenye mapaja ya bibi. Nikainua kamera. Nikabonyeza. Ule mlio niliouzoea miaka yote haukuja. Nilisikia kitu kama kijiti kinachokatika ndani ya mfuko, halafu kimya, na kwenye kitundu cha kuchungulia giza tupu. Kioo cha nyuma kikaandika kwamba nizime kamera niwashe upya, au nitoe betri niirudishe.

Nilizima nikawasha. Nilitoa betri, nikapangusa midomo yake kwa kanga, nikairudisha. Nilibadilisha lenzi, maana wakati mwingine tatizo huwa kwenye vile vishaba vya dhahabu vinavyounganisha lenzi na mwili wa kamera. Maandishi yaleyale. Bibi ananitazama, uso ameshautengeneza, na mimi sina cha kumpa. Nikatoa simu. Taa za ukumbi zilikuwa zile za zambarau zinazozunguka, na picha iliyotoka ina sura mbili za bluu zisizo na macho. Ninayo mpaka leo. Kila nikiiona moyo unaniuma.

Shughuli niliimalizia kwa kamera ya akiba ya kaka wa video, Mungu ambariki. Saa nane usiku nikarudi Tabata, nikaiweka yangu juu ya meza, nikakaa nikiiangalia. Kwa wiki nzima iliyofuata nikabeba swali moja: nimpelekee fundi, au huu ndio mwisho wake ninunue nyingine?

Niseme kwanza kamera hii ni nini kwangu. Ni DSLR, yaani kamera ya kidijitali yenye kioo ndani kinachoruka kila ukipiga, ya mwaka 2011, ya megapikseli 18. Niliinunua mtumba mwaka 2016 kwa fedha ya kikoba, zamu yangu ilipofika. Mama alinitazama akaniuliza kama nina hakika, kwa sababu fedha ileile ingetosha cherehani na kabati. Imelipa kodi ya chumba. Imemsomesha mdogo wangu miaka miwili ya chuo. Kwa hiyo watu waliponiambia "tupa hiyo, zama zake zimepita," walikuwa wakisema juu ya kitu wasichokijua.

Na ilikuwa imenionya. Wiki mbili kabla ya Sinza nilipiga kipaimara, mchana kweupe, jua la Dar likiwa kali baada ya mvua. Niliweka kasi ya 1/2000 ya sekunde. Nyumbani nikaona picha kadhaa zina utepe mweusi upande wa juu, kama mtu ameshusha pazia kidogo dirishani. Nikadhani ni kile kikombe cha kuzuia jua kwenye lenzi nilikifunga vibaya. Nikazikata zile picha, nikakabidhi kazi, nikasahau.

Sasa najua ule utepe ulikuwa nini, na nataka kila mpiga picha mwenye kamera ya umri huo ajue. Shata ya DSLR, yaani mlango wa mwanga, ni mapazia mawili ya vipande vyembamba mno, vyepesi kuliko wembe, vinavyolaliana kama vigae. Ukibonyeza, kioo cha ndani kinaruka juu, pazia la kwanza linafunguka, mwanga unaifikia sensa, kile kipande kinachoupokea mwanga na kuugeuza picha, pazia la pili linafuata kufunika, kioo kinarudi chini. Kasi ikiwa ndogo, pazia la kwanza linamaliza safari kabla la pili halijaanza. Kasi ikiwa kubwa mapazia yanakimbizana, yakiacha mwanya mwembamba unaopita mbele ya sensa. Pazia moja likianza kuchoka, mwanya ule unaharibika, na picha za kasi kubwa ndizo zinazotangulia kuonyesha weusi, huku za ukumbini kwa 1/100 zikitoka safi kabisa. Ukiona utepe wa namna hiyo juani, usiupuuze kama mimi. Nenda kwa fundi siku hiyohiyo, na usiende kwenye harusi ya mtu ukiwa na kamera hiyo peke yake.

Jumatatu nilikwenda Kariakoo. Fundi wangu ana kichumba ghorofa ya pili, mtaa wa Aggrey, katikati ya watu wa simu. Amewahi kunisafishia lenzi iliyoota ukungu, ule utando kama wa buibui unaoingia kwenye lenzi tunazozifungia kabatini mwetu Pwani, hewa ikiwa nzito kwa unyevu. Nilimsalimu, akaitikia "marahaba binti," akaipokea kamera kwa mikono miwili, akaitikisa polepole karibu na sikio lake. Kitu kilicheza ndani. Akatabasamu kidogo kama daktari aliyeukuta ugonjwa anaoujua.

Kabla hajaifungua aliiunganisha na kompyuta kwa waya, akaniita nione namba kwenye kioo: 163,412. Hizo ni mara ambazo shata ile ilikuwa imefunguka na kufunga tangu kiwandani. Kamera nyingine huiandika hesabu hiyo ndani ya kila faili la picha, nyingine mpaka uzichimbe kwa programu namna ile. Watengenezaji wengi huzijaribu shata zao na kutangaza kiwango. Canon EOS 5D Mark II iliyotoka mwaka 2008 ilitangazwa kwa 150,000. Nikon D4, iliyokuwa kamera ya watu wa magazeti na viwanja vya mpira, ilitangazwa kwa 400,000. Kamera za daraja la yangu huwa kwenye 100,000 hivi. Sendoff moja hunitoa fremu 900, harusi kamili 1,500. Piga hesabu mwenyewe. Kiwango kile si tarehe ya kufa, zipo shata zinazokipita mara mbili na zipo zinazokufa nusu ya njia, lakini yangu ilikuwa imenifanyia kazi kupita ahadi yake, na hilo lilinituliza.

Kisha akafungua. Nilikaa kwenye stuli nikatazama karibu saa nzima. Alikuwa amechora umbo la kamera kwenye karatasi nyeupe, na kila skrubu aliyoitoa aliibandika kwenye gundi ya karatasi mahali palepale ilipotoka, kwa sababu hazilingani urefu, na ndefu ikiingia pa fupi inaweza kutoboa bodi, kile kibao cha saketi za umeme. Bisibisi zake ni za vichwa vya Kijapani. Alinionyesha tofauti: msalaba wa bisibisi ya kawaida una ncha iliyochongoka zaidi, ukiulazimisha kwenye skrubu ya kamera ya Japani unakula kichwa cha skrubu, na hapo tena hakuna kufungua. "Ukikuta kamera ya mtumba skrubu zimeliwa hivi," akasema, "jua imepita kwa mtu asiye na vifaa." Alipofika upande wa flashi alisimama, akachukua kipingamizi, kifaa kidogo cha kupunguza umeme, kilichofungwa waya mbili, akagusa miguu ya kapasita, ile inayohifadhi umeme wa flashi, mpaka akaridhika. Kapasita ya flashi hujaa umeme wa volti 300 hivi na huweza kubaki nao hata betri ukiwa umeitoa. Naandika hili kwa ajili ya wale wanaofungua kamera mezani kwa kisu cha jikoni baada ya kutazama video moja. Tafadhali msifanye hivyo.

Shata ilipotoka aliiweka kwenye kiganja changu. Ni kitu kidogo, ukubwa wa kiberiti kilichobanwa. Kipande kimoja cha pazia kilikuwa kimechomoka kwenye mkono wake na kujikunja, na ndicho kilichozuia kioo kisirudi.

"Hii imechakaa tu, binti," akasema. "Kuharibika ni kitu kingine."

Neno hilo ndilo lililonifungua akili. Tangu Jumamosi nilikuwa nimejiuliza bei tu. Sikuwa nimejiuliza kamera imepatwa na nini. Shata ni kama pedi za breki au mkanda wa feni, imetengenezwa ikijulikana kwamba itaisha, na ndiyo maana imefungwa kama kipande kimoja kinachotoka kizima na kuingia kizima. Ukiibadilisha, sehemu nyingine za kamera hazina habari. Sensa ilikuwa safi, bodi haikuwa na doa, vitufe vyote vinaitika.

Mwaka 2019 nilipeleka kwenye meza hiyohiyo kamera ndogo ya mfukoni ya mdogo wangu, iliyoanguka kwenye maji ya bahari Kigamboni. Tulikuwa tumeifanyia mambo yote mabaya kwa nia njema. Tuliiwasha palepale ufukweni ili tuone kama inafanya kazi, tukaiacha na betri yake ndani, tukaizika kwenye mchele siku nne. Mchele hautoi chumvi. Maji yakikauka chumvi inabaki kwenye bodi, na hewa yetu yenye unyevu inairudishia uhai kila siku, na pale palipopita umeme shaba inaliwa haraka zaidi. Ingekuwa tumetoa betri sekunde ileile, tukaisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kuikimbiza kwa fundi bila kuiwasha, labda. Fundi alipoifungua kulikuwa na unga wa kijani na mweupe chini ya kila kitu, na waya ule mwembamba wa utepe ulikatika alipougusa. Ningeweza kumlipa aitengeneze. Alikataa. "Leo nitaiwasha, mwezi ujao itakufa pengine, na wewe utanilaumu. Hela yako nitakuwa nimeila bure." Akainunua kwangu lenzi ya kamera ile kwa shilingi 10,000, iwe spea, tukaachana kwa amani. Fundi anayeikataa kazi namna hiyo, mshike.

Kuna aina nyingine ya ugonjwa, ule unaotoka kiwandani, na huo kabla ya kutoa senti yako inafaa uulizie kwanza. Oktoba 2005 kampuni kadhaa za kamera zilitoa matangazo kwa mpigo kwamba baadhi ya sensa zilizotengenezwa na Sony, zilizomo kwenye kamera za Canon, Nikon, Fujifilm na wengineo, zinaweza kufa kwenye joto na unyevu, kwa kuwa viunganishi vya ndani vilikuwa vikiachia. Picha zilitoka zimepotoka rangi au nyeusi kabisa. Walizitengeneza bure hata kwa wenye kamera ambazo waranti ilikwisha. Joto na unyevu! Hali ya hewa ya sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja mwaka mzima. Imepita miaka mingi tangu hapo, lakini tabia ya kuuliza "je, ugonjwa huu unajulikana?" bado ina faida.

Turudi kwenye bei. Fundi alinipa njia mbili. Shata ya kuchomoa kwenye kamera nyingine iliyokufa aliyonayo, 40,000 na ufundi 70,000, kesho naondoka nayo. Au shata mpya ya kuagiza China, 95,000 na ufundi uleule, nisubiri wiki tatu. Nilimuuliza ile ya maiti imeshakula fremu ngapi. Akasema hajui, mwenye kamera aliiacha ikiwa haiwaki. Nikachagua kusubiri. Elfu hamsini na tano sikuiona kubwa mbele ya kurudi tena ukumbini na kitu ambacho umri wake haujulikani. Na ni kwa sababu hiyohiyo sikutaka kununua mwili mwingine wa mtumba wa aina ileile, ambao mjini ulikuwa 450,000. Ningetoa karibu mara tatu ya gharama ya fundi, nipate kamera ya umri uleule yenye shata ambayo labda imebakiza mwezi.

Kwenye kundi letu la wapiga picha walinipa kanuni yao: matengenezo yakizidi nusu ya bei, achana nayo. Ninaiheshimu kwa kuwa imewaokoa wengi, lakini ni nusu ya bei gani? Bei ya mtumba wa kamera inashuka kila mwaka, na bei ya ufundi na spea haishuki nayo. Ukiifuata kanuni ile, kila kamera ikifika umri fulani imeshahukumiwa kufa hata kama inapiga vizuri kama siku ya kwanza. Nusu ya 450,000 ni 225,000. Matengenezo yangu ni 165,000, napita. Lakini wiki tatu za kusubiri nilikodi kamera kwa matukio mawili, 50,000 kila moja, na hiyo nayo ni gharama ya matengenezo ambayo watu huisahau. Jumla 265,000. Hapo sipiti tena. Kamera ni ileile, mkono ni uleule, jibu limegeuka kwa sababu ya hesabu tu.

Mimi nikapima kwa kipimo kingine, kipimo cha kazi. Sendoff moja inaniingizia 350,000. Kutengeneza, pamoja na kukodi, hakufiki sendoff moja.

Na kununua mpya? Nilikwenda kuuliza, nikaandika kwenye daftari. Kamera isiyo na kioo cha kuruka, ndizo wanazotengeneza sasa, pamoja na lenzi yake ya kuanzia: 2,900,000. Adapta ya kunifanya nitumie lenzi zangu mbili za zamani: 250,000. Betri mbili za ziada, kwa kuwa kamera hizi hula umeme haraka, sensa na kioo cha kutazamia vikifanya kazi muda wote: 240,000. Kadi ya kuhifadhia picha, ya kasi: 150,000. Jumla 3,540,000. Sendoff kumi na kidogo, bila kula, bila nauli, bila kodi. Na bei hizi hazitarudi chini kama zamani. Mwaka 2010 kampuni za kamera zilisafirisha kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120 duniani, na kufikia mwaka 2021 zilikuwa milioni 8 na kitu. Simu zimezimeza zile ndogo za bei nafuu, na kampuni zimebaki kutengeneza chache za bei ya juu. Zile za kuanzia maisha, kama niliyoanza nayo mimi, zinazidi kutegemea mtumba na mafundi.

Halafu nikajiuliza swali ambalo naona ndilo gumu: hii ya zamani, ikipona, inatosha? Kwa picha, inatosha. Megapikseli 18 ni nukta 5,184 kwa 3,456. Ukichapisha kwa nukta 300 kila inchi unapata inchi 17 kwa 11 na nusu, karibu A3, na sijawahi kuombwa albamu inayozidi hapo. Gizani inachafuka, nimejifunza kuisaidia kwa flashi ya kugongesha darini. Lakini ina tundu moja tu la kadi. Kadi ikifa usiku wa harusi, harusi ya watu imekufa nayo, na hakuna fundi wa Aggrey wala wa mbinguni atakayewarudishia. Hilo lilikuwepo siku zote na nililifumbia macho. Kuchakaa kwa shata kumenifanya nilitazame, ingawa shata yenyewe haikuwa sababu ya kununua mpya.

Basi nikafanya yote mawili kwa kupishana. Nimeitengeneza, na nimeishusha cheo. Sasa ndiyo kamera ya pili, ya mchana, ya mahafali, ya picha za familia. Harusi siendi nayo peke yake tena, nakodi ya kadi mbili na gharama naiweka wazi kwenye bei ninayompa mteja. Na kila tukio natenga 80,000 ya ile mpya, inakwenda kikobani ilikotoka ya kwanza.

Siku niliyoichukua, fundi alinipa shata ya zamani kwenye mfuko mdogo wa plastiki, akaniambia nipige kwa kila kasi mbele yake. Nilielekeza dirishani, nikaanza 1/60, nikapanda mpaka 1/4000. Tulizitazama moja moja kwenye kompyuta yake, tukatafuta utepe. Hakukuwa na utepe.

Sikwenda nyumbani. Nilimpigia simu bibi harusi, wakati huo ni mke wa mtu tayari, nikamuuliza kama bibi bado yuko mjini. Alikuwa kwa mwanawe Kimara, anarudi Korogwe Jumanne. Jumapili nikaenda. Tulimkalisha uani chini ya mwembe, saa kumi jioni, mwanga umelala ubavu. Mjukuu akapiga magoti kama ile siku, safari hii na dera la nyumbani, akalaza kichwa palepale. Bibi akaitazama kamera kwanza, halafu akanitazama mimi.

"Imepona?"

"Imepona, bibi."

"Haya, piga."

Nikapiga. Fremu 27, na kwenye ya 19 ameshika sikio la mjukuu wake kama anavyoshikwa mtoto mdogo, na anacheka.